Kisiwa cha Hayy na Sauti ya Mama



Katika karne ya 12, Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia, alitunga kisa cha Hayy ibn Yaqdhan. Mtoto analelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu. Hana mwalimu wala kitabu, lakini kwa kutazama wanyama, mimea na nyota anafikia kumjua Muumba wake. Kisha anafika Absal, mchaji aliyewakimbia watu ili aabudu kwa utulivu. Wawili hao wanavuka bahari kwenda kuwafundisha watu wa kisiwa kingine. Watu hawawaelewi, nao wanarudi kisiwani kwao kuabudu hadi kufa.

Wengi wetu tunakitamani kisiwa hicho. Bweni lina kelele, jumuiya ina mivutano ya uongozi, simu ina fitna usiku na mchana. Mwanafunzi mcha Mungu anajiambia: bora nijifungie na msahafu wangu, au nipate pango katika Mlima Wati au Mlima Liru, nisione mtu. Je, huo ni ucha Mungu, au ni kukimbia wajibu?

Hoja ya wanaojitenga ina uzito. Mtume (s.a.w.) alikuwa akikaa peke yake katika pango la Hira. Qur'ani inawasifu Vijana wa Pangoni waliojitenga na jamii ya shirki. Bukhari amepokea kwamba utakuja wakati mali bora ya Mwislamu itakuwa kondoo anaowachunga vileleni mwa milima, akiikimbiza dini yake na fitna. Naye Imam Ghazali aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095.

Lakini tutazame mwisho wa safari hizo. Ulipomjia wahyi, Mtume (s.a.w.) aliteremka mlimani akawaendea watu, wakamtukana na kumpiga mawe, asiwaache. Khalwa aliyotuachia ni itikafu, nayo hufanywa msikitini, kwa siku za kuhesabika. Ghazali naye, baada ya takriban miaka kumi, alirudi kufundisha Nishapur.

Tena kuna kisa cha Juraij, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alikuwa mchaji katika hekalu lake. Mama yake alimwita naye yumo katika sala, akachagua sala. Mama akamwombea dua mbaya, ikakubaliwa. Allah alikuja kumtakasa na uzushi wa watu, lakini fundisho limebaki: ibada ya sunna haimfungi mtu masikio asimsikie mwenye haki juu yake.

Sisi wa Arua na Koboko tunajua maana ya kukimbia. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, wazee wetu walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan. Walikimbia kuokoa roho, wakiwa na watoto na wagonjwa mgongoni, na palipotulia wakarudi kujenga upya. Leo mambo yamegeuka: Wakongo wamehifadhiwa Lobule, Koboko, na ndugu wa Sudan Kusini wako Rhino Camp. Huko kuna watoto wanaohitaji mtu wa kuwafundisha alifu na hesabu. Nawe uliyesomeshwa kwa mihogo na mbuzi wa nyumbani, ukijifungia, fungu lako atalibeba nani?

Basi jitenge, ndugu yangu, lakini ujipime. Ukitoka khalwani, ulimi wako umekuwa laini zaidi kwa watu, au umeanza kuwadharau? Unakimbia dhambi, au unakimbia usumbufu? Mama akipiga simu kutoka Koboko, unapokea? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuvumilia maudhi yao ana ujira mkubwa kuliko asiyefanya hivyo.

Hayy alirudi kisiwani akiwa salama. Watu aliowaacha walibaki bila mwalimu.

Wabillahi tawfiq.