Je, Hofu ni Amani?

Husemwa kwamba polisi wakizidi mtaani, amani nayo huzidi. Hebu tulipime neno hili kwa Mathare, Nairobi. Huko kijana hatoki hata kununua mkate bila kitambulisho, maana msako ukimkuta hana, atalala kituoni au atoe kitu kidogo. (Baba zetu walivaa kipande shingoni, kilifutwa, lakini desturi yake ingalipo.) Tarehe 30 Machi 2020, siku ya nne ya amri ya kutotoka nje usiku, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi huko Kiamaiko, katika eneo hilo hilo, akiwa kwenye roshani ya kwao. Alikuwa ametii: alikuwa nyumbani.

Simtetei mwizi. Mwenye kibanda anayeibiwa naye ni maskini. Lakini mama aliyemwona mwizi atamwambia nani, ikiwa anamwogopa askari zaidi? Basi hunyamaza, na mwizi hustarehe. Mwanawe naye, akiona gari la polisi, hukimbia ingawa hana kosa, kisha kule kukimbia kwake huhesabiwa kuwa ndilo kosa.