Vunja jungu la Kraków

Poland, Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu ni siku ya kula donati. Ofisi hazifungwi, lakini ukifika kazini asubuhi utakuta boksi limeshafunguliwa mezani, na foleni ya duka la mikate imetoka nje hadi barabarani. Siku hiyo huitwa Tłusty Czwartek, yaani Alhamisi ya Mafuta, na donati zake ni pączki: za mviringo, hazina tundu, tumboni zina jamu. Wanaamini asiyekula hata moja mwaka wake utakwenda kombo. Nimewaona wasomi wakiicheka imani hiyo huku sukari imewaganda midomoni.

Mtu wa Pwani hahitaji maelezo marefu. Hilo ni vunja jungu. Wenzetu wanaaga vinono kabla ya Kwaresma, nasi tunajikusanya siku za mwisho za Shaabani kabla mwezi haujaandama. Na miaka hii kalenda zimetukutanisha. Mwaka huu wa 2026 Alhamisi ya Mafuta ilikuwa 12 Februari, Jumatano ya Majivu ikawa 18, na Ramadhani ikaingia siku hizo hizo. Ujirani huu hauna maisha marefu, maana Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka: ifikapo 2028 sisi tutaanza mwishoni mwa Januari, wao Machi.

Nilijifunza kuzikaanga Kraków, jikoni kwa bibi mwenye nyumba niliyopanga chumba. Unga, hamira na karai nilivijua tangu Tanga. Kilichokuwa kigeni kwangu ni mayai. Kwa kilo moja ya unga bibi yule alivunja kumi, akachukua viini peke yake. Hamira aliikoroga kwanza na maziwa ya vuguvugu, sukari na unga kidogo, akaiacha hadi ikatoa povu. Unga wenyewe ulikuwa umelala jikoni usiku kucha, kwa sababu Februari ya kule stoo ni barafu tupu, na unga wa baridi huchelewa kuumuka. Vikafuata viini vilivyopigwa na sukari, siagi iliyoyeyushwa, kisha kukanda. Kukanda kwenyewe ni kazi ya mabega. Donge la pączki ni laini kuliko la mahamri, linanata vidoleni, na mkono unawasha kuongeza unga. Alinikataza. Ukiongeza unga, alisema, utakula mkate. Unakanda hadi donge lenyewe liuachie mkono.

Jamu yake ya asili ni ya waridi. Sisi waridi tunalijua kwenye marashi, na kwenye halua ya wanaojiweza. Wao huchuma petali mwezi Juni, hukata ile sehemu nyeupe ya chini yenye uchungu, kisha huzisaga mbichi na sukari na ndimu kidogo hadi ziwe rojo jekundu. Haipiti motoni. Ukifungua chupa yake Februari, na nje kuna theluji, chumba kizima kinanukia bustani.

Iwekwe kabla ya kukaanga, au isukumwe ndani kwa bomba donati ikishaiva? Juu ya hilo familia zinaweza kununiana. Bibi alikuwa wa kabla: jamu katikati ya kipande, unakunja, unafumba kwa vidole, unalaza mfumbo chini, unaacha kiumuke tena. Ukifumba ovyo jamu hutoka, ikaungua na kuyachafua mafuta yote. Bomba ni salama zaidi, sibishi, lakini jamu iliyokaangwa ndani hushikana na unga, na mimi nakula hiyo.

Mafuta yawe kama nyuzi 175. Upande wa kwanza huiva sufuria ikiwa imefunikwa, donati inavimba. Ukiigeuza inaelea, na kiunoni unabaki utepe mweupe unaoizunguka. Wanaojua hutazama utepe kwanza. Donati isiyo na utepe haikuumuka vya kutosha, ikazama.

Sasa, mafuta hayo kwa desturi ni ya nguruwe, na ndani ya donge huenda kijiko cha pombe kali, ambayo hugeuka mvuke motoni na kulizuia donge lisinywe mafuta mengi. Mimi ni Mwislamu. Bibi hakuniuliza maswali ya dini. Kwenye donge alitia siki badala ya pombe, akaleta sufuria ya pili, akamimina mafuta ya alizeti, kisha akanung'unika mchana mzima kwamba zangu hazitapata rangi. Zilipata.

Zamani hazikuwa laini namna hii. Padri Jędrzej Kitowicz, aliyeandika habari za desturi za Poland chini ya Mfalme Augustus III, aliyetawala kuanzia 1733 hadi 1763, anasimulia kwamba pączki za kale zingeweza kumvilisha mtu jicho akirushiwa, ilhali za siku zake zilikuwa nyepesi za kupeperuka. Lakini ziwe ngumu au laini, zilikuwa na kazi moja. Kwaresma yao ya kale ilikuwa kali. Nyama na mafuta yake viliwekwa kando kwa zaidi ya wiki sita, na kwa karne nyingi hata mayai, siagi na maziwa. Vilivyomo ndani vingeoza. Viini kumi kwenye kilo ya unga ninavyoviona mimi kuwa ufujaji vilikuwa ndiyo njia ya kumaliza akiba, ili mfungo uikute nyumba nyepesi.

Hapo ndipo jungu letu linaponitia mashaka. Sisi wiki hiyo tunajaza. Sukari kwa mfuko, tende kwa boksi, tambi, mafuta kwa ndoo. Wenye maduka wanatujua, na bei zinapanda kabla mwezi haujaonekana. Unaingia kwenye mwezi wa njaa na kabati lisilofungika mlango. Mjini nako vunja jungu limekuwa jina la pombe na muziki wa hadi alfajiri, mtu akiiaga dunia ya starehe kwa pupa ya anayekwenda jela.

Wapoland nao wasijisifu. Maduka makubwa hushindana kuziuza kwa bei ya kutupa, watu wanabeba maboksi, na wengi wanaokula Alhamisi hawana nia ya kufunga Jumatano. Ni sherehe ya kuagana na hakuna anayesafiri. Za kununua ni tamu, sikatai. Duka la Blikle, lililoanza Warsaw mwaka 1869, limejengewa jina na zile za waridi. Ila za dukani hazipunguzi kitu nyumbani kwako.

Za kukaanga mwenyewe zinakulazimisha. Kilo moja inazaa donati nyingi kuliko wenye nyumba, na kesho yake zimeshakauka, kwa hiyo lazima zitoke mlangoni siku hiyo hiyo. Nilipanda na kushuka ngazi na sahani hadi kwa jirani aliyekuwa akinigongea ukuta kila nikifungua redio. Alifungua mlango, akaitazama sahani, salamu hakutoa. Aliuliza kama ni za waridi.

Mwaka huu, Shaabani ikielekea ukingoni, nilifungua kabati langu hapa Dar es Salaam nikatoa kila kilichoanza kuzeeka: unga, siagi, maziwa ya kopo, chupa ya jamu ya embe. Nikatia na iliki, jambo ambalo bibi wa Kraków asingelisamehe. Utepe mweupe ulitokea. Watoto wakazigawa mtaa mzima, na ute wa mayai uliobaki tukaula kwa vitunguu na pilipili usiku ule. Mume wangu alikwenda kabatini kutafuta sukari ya chai, akarudi na kopo tupu. Akataka kujua ni mfungo gani huu unaoanza na nyumba haina hata sukari ya uji. Nikamwambia duka la Mpemba bado liko wazi, achukue robo kilo, asizidishe.