Mchanganya Dawa na Dhamana Yake

Katika darsa yetu pameletwa suala ambalo kwa dhahiri lawahusu watu wa bara, lakini kwa hakika latuhusu sisi sote. Suala lenyewe ni hili: mtu akinywa dawa iliyochanganywa na mwengine, asijue ndani yake mna nini, kisha ikamletea madhara au aibu, lawama ni ya nani? Ni ya aliyechanganya, au ya aliyekunywa, au hapana wa kulaumiwa kwa kuwa wote wawili nia yao ilikuwa njema?

Mfano uliotolewa ni wa Kaptagat, karibu na mji wa Eldoret, penye msitu na baridi, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wengi mashuhuri wa Kenya. Na Eliud Kipchoge, aliyezikimbia zile kilomita 42 na zaidi kwa muda usiotimia saa mbili mjini Vienna mwaka 2019, ni katika waliojifunza katika njia za udongo za Kaptagat. Na wenyeji wa nchi ile, Wakeiyo na Wanandi, wana ilimu yao ya miti tangu kale. Hutia magome na mizizi katika supu ya nyama na katika maziwa, na wazee wao wajua mti upi hupikwa na upi, na upi hunywewa peke yake.

Basi tukadirie kijana mmoja mkimbiaji wa huko, aliyeshikwa na mafua siku chache kabla ya shindano. Mtu anayemwamini akamletea unga katika karatasi, akamwambia: hii ni dawa ya Kichina, ni miti mitupu, haina dhara. Kijana akanywa, kifua kikafunguka, akakimbia, akashinda. Mkojo wake ukapimwa, ikaonekana efedrini, kitu kilichokatazwa siku ya shindano kikizidi kiasi maalumu. Ushindi akanyang'anywa. Kijana akalia kwamba hakujua. Je, amedhulumiwa?

Kabla ya kujibu yafaa tujue unga ule ni nini, kwani wengi wetu huhukumu jambo wasilolijua. Wachina wana dawa mashuhuri ya homa ya baridi, iliyoandikwa katika kitabu cha tabibu wao Zhang Zhongjing yapata miaka 1,800 iliyopita. Ina vitu vinne. Cha kwanza ni mmea uitwao mahuang, nao ndio wenye efedrini. Wao huuita mfalme, kwa kuwa ndio upigao maradhi yenyewe. Cha pili ni vijiti vya mdalasini, navyo ni waziri, humtia nguvu mfalme. Cha tatu ni kokwa za aprikoti, nazo ni msaidizi, hutuliza kikohozi. Cha nne ni urukususu, nao ni mjumbe, huwapatanisha hao watatu na kupunguza ukali wao. Hiyo ndiyo kanuni yao: kila kilichomo kina kazi yake na kipimo chake, wala hakitiwi kitu kwa kubahatisha.

Tena hawakukomea hapo. Waliandika pia mimea inayosaidiana, na inayopunguziana sumu, na inayoharibiana nguvu, na ile ambayo ikikutana huzaa sumu. Urukususu huo huo, pamoja na upole wake, una mimea iliyokatazwa kutiwa nao chungu kimoja. Kwa hivyo asemaye kwamba dawa za miti huchanganywa ovyo bila ya khofu hakuwasingizia Wazungu wala mahospitali. Amewasingizia Wachina wenyewe.

Nasi Waislamu si wageni wa ilimu hii. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Al-Qanun, aliitenga sehemu nzima ya tano kwa dawa za kuchanganywa, baada ya kuzieleza dawa za mti mmoja mmoja katika sehemu ya pili. Mpango huo una maana: huwezi kukijua kilichounganishwa mpaka uvijue vilivyoungana. Na Ibn al-Qayyim ametaja kwamba matabibu wameafikiana kuwa yanayotibika kwa chakula yasitibiwe kwa dawa, na yanayotibika kwa dawa ya kitu kimoja yasitibiwe kwa ya kuchanganywa. Haikuwa kwamba kuchanganya ni haramu. Ni kwamba kila kitu unachokiongeza huongeza jambo linalokupasa kulijua.

Faida ya kuchanganya kwa ilimu twaiona kila siku katika nchi yetu ya mbu. Bibi Tu Youyou wa China alipata katika kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya nne, maelezo ya mmea wa qinghao uliotiwa majini ukakamuliwa bila ya kupikwa. Kwa kidokezo hicho yeye na wenziwe wakapata, mapema katika miaka ya 1970, dawa ya artemisinini, naye akapewa tunzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa hiyo ikitumiwa peke yake, vijidudu vya malaria huweza kuizoea. Ndipo ikaunganishwa na nyengine: moja huua upesi na kutoka mwilini, ya pili hukaa na kumaliza vilivyobaki. Kenya iliikubali dawa ya namna hiyo kwa malaria mwaka 2004. Mchanganyiko huo umeokoa roho za watu wengi mno. Na tazama boksi lake: majina ya vitu vyote viwili yameandikwa, na vipimo vyake vimeandikwa.

Sasa tazama upande wa pili. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walipewa dawa ya kupunguza unene, ambayo ndani yake mlikuwa na mitishamba ya Kichina. Palitakiwa patiwe mmea uitwao fangji. Ukatiwa mwengine ambao jina lake lakaribiana nao, uitwao guang fangji, nao una sumu ya mafigo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika mafigo, na wengine baadaye wakapata saratani. Hapana aliyekusudia kuwaua. Majina mawili yalifanana, na aliyechanganya hakuhakikisha.

Na kuna jambo baya zaidi ya kukosea, nalo ni kuficha. Mwaka 1993 wakimbiaji wa kike wa China walizivunja rekodi za dunia hata watu wakashangaa. Mwalimu wao, Ma Junren, alisema siri ni mazoezi, na supu ya kobe, na dawa ya kuvu linaloota juu ya kiwavi. Mwaka 2000 wengi wa wakimbiaji wake waliachwa nje ya kikosi kilichokwenda Sydney, baada ya kupimwa damu. Na mwaka 2016 ikatangazwa barua yenye majina ya baadhi ya wakimbiaji wake wa zamani, isemayo kwamba walilazimishwa kutumia dawa zilizokatazwa. Ikiwa yaliyomo katika barua hiyo ni kweli, basi miti ilifanywa pazia, na nyuma ya pazia mlikuwa na kitu kingine.

Turejee kwa kijana wetu wa Kaptagat. Sheria ya michezo yasema kwamba mkimbiaji ni mdhamini wa kila kinachopatikana mwilini mwake, alikusudia asikusudie. Wengi huiona sheria hiyo kuwa ni ya kikatili. Lakini hapa yatupasa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya kuliko dawa: dhambi na dhamana. Dhambi hufuata nia. Asiyekusudia hana dhambi ya kukusudia. Dhamana haifuati nia. Ukivunja mtungi wa jirani kwa kuteleza, huna dhambi, lakini mtungi utaulipa. Na wakimbiaji walioshindwa na kijana yule walikuwa na haki yao, ambayo haiondoki kwa sababu yeye hakujua. Hata sheria hiyo yenyewe imetenga: ushindi huondolewa kwa hali yoyote, lakini muda wa kufungiwa hutazama kosa lake, na asiyekusudia hupunguziwa.

Ama aliyechanganya, mzigo wake ni mzito zaidi. Imepokewa katika hadithi, naye Abu Daud ni katika walioitoa, kwamba ajitiaye kutibu naye hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mdhamini wa litakalotokea. Haikusemwa: akiwa na nia mbaya. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoutia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, alimkanya muuzaji ingawa huyo alitoa udhuru wa mvua. Kwa maana mvua haikumzuilia kukiweka juu kile kilicholowa, watu wakakiona.

Huenda mtu akasema: mzee wetu ametibu watu miaka 40, na siri ya dawa ni mali ya ukoo wake, akiitaja, wengine wataiiba. Twajibu: haki yake ya kulipwa kwa ilimu yake hatuikatai. Lakini siri ya kutengeneza ni kitu kimoja, na majina ya vilivyomo ni kitu kingine. Mpishi halazimiki kukufundisha upishi wake, lakini ukimuuliza kama chakula kina karanga, nawe karanga hukudhuru, hana haki ya kunyamaza.

Nasi wa pwani tusiwatazame watu wa Kaptagat kwa jicho la kucheka. Ni wangapi miongoni mwetu wanywao unga wa chupani kwa kuambiwa kwamba watibu maradhi arobaini, kama kwamba jina la mwarobaini ni cheti cha tabibu? Ni wangapi wachanganyao dawa ya mganga na vidonge vya sukari au vya presha, kisha wakenda hospitali wakamficha daktari kwa kuona haya? Huyo naye ni mchanganya dawa, na tumbo lake ndilo chungu.

Jawabu letu, basi, ni hili. Kuchanganya si kosa. Kosa ni kuchanganya usilolijua, na kuficha unalolijua. Anayetoa dawa na ataje kilichomo na kipimo chake. Asiyeweza kutaja, asitoe. Anayepewa na aulize kabla ya kutia kinywani, wala asione kuwa kuuliza ni kumvunjia heshima mzee, kwani mwenye ilimu hufurahi kuulizwa. Na yule kijana wa Kaptagat, twamwonea huruma, wala hatumwiti mwizi. Lakini ushindi ule si wake, na kama ni mtu wa haki ataurudisha kwa mkono wake mwenyewe kabla hajanyang'anywa.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa, na atuepushe na kuwadhuru waja wake kwa ujinga wetu. Amin.