Nahodha Aliyekabidhiwa Watoto

Masomo: Matendo ya Mitume 11:22–26, 15:36–39

Wapenda soka wa hapa Lushoto hawajamsahau Selemani Matola. Alikuwa nahodha wa Simba iliyowavua Zamalek ubingwa wa Afrika mwaka 2003, kwa mikwaju ya penalti, kwao Cairo. Hata mtu wa Yanga akitajiwa siku ile hukubali kwa kichwa.

Alipotundika daluga, nahodha huyo alikabidhiwa vijana wa Simba B. Mwaka 2012 vijana hao waliingia Kombe la BancABC, wakapambana na timu za wakubwa na kulibeba kombe, wakiwafunga Mtibwa Sugar katika fainali. Baadaye alikuwa kocha mkuu wa Lipuli ya Iringa. Mei 2019 Lipuli iliitoa Yanga 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, kisha ikafungwa na Azam 1-0 kwenye fainali kule Lindi. Mwisho wa mwaka huo alirudi Simba akiwa kocha msaidizi. Makocha wageni wamekuja na kuondoka. Zaidi ya mara moja ameachiwa timu, akaibeba, akaja mwingine, naye akarudi kiti cha pili.

Nikitafakari njia hiyo namwona Barnaba. Alipotumwa Antiokia, nadhani aliona kazi imemzidi, akafunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli. Muda si mrefu jina la Sauli huyo, ndiye Paulo, likaanza kutajwa mbele ya lake, na Barnaba akaendelea na kazi. Kisha likaja suala la Yohana Marko, kijana aliyewaacha njiani kule Pamfilia. Paulo hakutaka kumsikia. Barnaba akamchukua, ingawa iligharimu urafiki wa miaka. Miaka baadaye Paulo akiwa kifungoni anaagiza aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa (2 Timotheo 4:11). Maandiko hayatusimulii mafunzo ya katikati, lakini mimi naamini mkono wa Barnaba umo.

Sasa tujitazame. Katika sharika zetu za Usambara, mwalimu hodari hupelekwa kwenye kwaya kuu na kamati ya ujenzi. Shule ya Jumapili anapewa binti aliyemaliza kipaimara mwaka jana, bila kitabu, watoto arobaini nyuma ya kanisa. Tunasema, "Huyu bado mgeni, aanzie kwa watoto." Neno hilo linanichoma. Simba walimpa mtoto wa mtu nahodha wao. Sisi tunampa yeyote aliyebaki.

Jumamosi jioni piteni uwanja wa chini ya kanisa. Mpira ukitoka upande wa bonde unaviringika hadi kwenye kabichi, na mchezo wote unasimama kumngoja aliyeufuata. Kijana anayewafundisha halipwi. Nilimwona akimshika mtoto kifundo cha mguu, akimgeuzia unyayo taratibu, mara ya tatu, ya nne, mpaka pasi ikanyooka. Anajua nani hajala mchana. Anajua nani baba yake yuko Dar es Salaam na hajapiga simu tangu Pasaka. Wapo Waislamu na Wakristo, na wote wanamwita mwalimu. Wengi wao wakimaliza darasa la saba watateremka Mombo kupanda basi la kwenda kutafuta maisha, na watakachoondoka nacho ni kile walichopewa sasa.

Wazee wa kanisa, nawaomba jambo moja kabla ya Jumapili ijayo. Chagueni miongoni mwenu wawili wanaoheshimika kuliko wote, wanaojua Neno na wenye subira, muwapeleke shule ya Jumapili. Na yule kijana wa uwanjani mkamsalimie, mumuulize anahitaji nini. Mpira alionao ni mmoja, na umeshonwa mara nyingi.