Haki ya Kujibu: Baraza ya Kahawa na Swali la Usawa

Wahakiki waliomsoma Jürgen Habermas, hasa tangu kitabu chake cha mwaka 1962 kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mnamo 1989, wameuchukua mkahawa wa London kuwa kielelezo cha uwanja wa umma: mahali ambapo hoja hupimwa kwa uzito wake, si kwa cheo cha msemaji. Mfalme Charles II aliitambua nguvu hiyo alipotangaza kuifunga mikahawa mnamo Desemba 1675, kisha akalazimika kulitangua tangazo lake siku chache baadaye. Gavana wa Makka alikuwa amejaribu jambo kama hilo mwaka 1511. Yaelekea kilichowaogofya watawala hawa si kahawa, bali wanaoketi kuinywa.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa kielelezo hicho hakina budi kusailiwa upya. Hapa kahawa haikungoja mkahawa. Muuzaji huileta kwa dele, vikombe vikigongana mkononi, na baraza ya mawe nje ya nyumba ndiyo ukumbi. Anayeketi hutarajiwa kusema, na anayesema hutarajiwa kujibiwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyomo katika tungo za kujibizana za Muyaka bin Haji (1776–1840), ambaye husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Utamaduni haubadilishanwi kwa kusikilizana tu. Hubadilishanwa pale mmoja anapoweza kumpinga mwenziwe asipokonywe nafasi yake ya kuketi.

Lakini ni nani huketi? Barazani ni pa wanaume. Utetezi uliozoeleka ni kwamba wanawake walikuwa na majukwaa yao: lelemama, vugo, harusi. Ni kweli, wala si jambo dogo. Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba habari za mji, dhuluma zikiwamo, na gramafoni ikaifikisha sauti yake mikahawani. Hata hivyo, swali la kimaadili si kama alisikika. Ni kama wale waliokuwa wakiujadili wimbo wake juu ya vikombe walikuwa wakimjibu, au walikuwa wakimzungumzia tu. Anayezungumziwa, hata kwa sifa, hana zamu.

Mikahawa ya kisasa ya Nairobi imewapa wanawake meza na zamu. Bei ya kikombe, nayo, imemwacha nje mchukuzi ambaye barazani asingeulizwa ana shilingi ngapi kabla ya kusema.