Dakika Ambazo Hatukumwombea

Niliwasomea darasa la tano imla: "Dada anasuka nywele." Kijana mmoja akaandika: "Baba anasuka nywele." Wenzake walicheka. Nami nikapiga mstari mwekundu, nikamrudishia daftari lake.

Kwa mdomo alikuwa hodari. Ukimuuliza mvua inavyopatikana, atakueleza kuanzia jua na bahari hadi wingu. Mpe aya aisome, herufi zinamgeukia, anarudi mstari uleule mara tatu. Kwenye ripoti niliandika: mvivu wa kusoma. Mama yake akanifuata shuleni.

"Mwalimu, huyu si mvivu. Nyumbani namsomea swali, anajibu."

Nikamwambia ampeleke tuisheni.

Nalisema kosa langu ili mwalimu mwenzangu asilirudie. Mtoto asiyeona, au mwenye mkono uliopooza, shule humtambua mapema. Disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika kama aliokuwa nao kijana huyu, haina fimbo nyeupe, kwa hiyo tunaibandika jina la uvivu.

Mtihani wa darasa la saba ulipokaribia, mama yule alimwendea mkuu wa shule kumwombea mwanawe muda zaidi. Alikuwa amechelewa, kwa sababu mimi nilimchelewesha. Msimamizi wa mtihani hufuata maelekezo na orodha aliyokabidhiwa. Hawezi kumwongezea mtu dakika kwa huruma tu. Na kijana alikuwa amesajiliwa miezi mingi nyuma kama mtahiniwa wa kawaida, kwa taarifa tulizozijaza sisi wenyewe. Siku ya Hisabati, muda uliisha angali anapambana na maneno ya mafumbo ambayo hesabu zake alizijua vizuri.

Muda wa nyongeza upo kwa utaratibu. Hapa Tanzania, Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa karatasi ya Hisabati ya saa mbili, hizo ni dakika 40. Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni upendeleo. Maswali ni yaleyale, wala hakuna anayemnong'oneza mtahiniwa jibu. Anachopewa ni nafasi ya kulisoma swali mpaka alielewe.

Ombi hilo linaanzia darasani, kabla ya usajili. Daftari za imla zitunzwe. Ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri aombwe msaada wa upimaji. Mitihani ya moko mtoto aifanye kwa muda wa nyongeza, azoee kuutumia.

Mwaka uliofuata mama yule alirudi, safari hii na mdogo wa yule kijana, aliyekuwa darasa la tatu. Alifungua daftari mezani pangu bila kusema kitu. Ukurasa wa kwanza, mahali pa "bado", mtoto alikuwa ameandika "dabo". Nilimwomba mama akae, nikachukua karatasi, nikaanza kumwandikia ofisa barua.