Mwajiri Ananunua Saa Zako au Maisha Yako?



Ingawa mlango wa Marekani ulifungwa kwa wakimbizi wengi mwezi wa Januari 2025, ndugu zetu walioingia kabla ya hapo wako kazini huko: katika viwanda vya nyama, katika maghala, katika usafi wa hoteli. Wengi wao wameonja jambo ambalo hapa kambini hatulijui. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, au siku yoyote ile bila taarifa, mtu anapewa kikombe cha plastiki na kuambiwa akajaze mkojo. Mkojo unapimwa kama una dawa za kulevya, na bangi ni mojawapo ya zinazotafutwa. Ikionekana, kazi inaweza kuishia hapo hapo, hata kama alivuta Jumamosi nyumbani kwake na Jumatatu akaja na akili zake zote. Je, hiyo ni haki?

Najua wengi mmekwisha kujibu. Bangi ni mbaya, aliyevuta na afukuzwe. Tumewaona vijana walioharibika nayo. Mimi sikuja kuitetea bangi. Lakini mtu anaweza kuichukia bangi na bado akauliza ni nani aliyepewa kuihukumu Jumamosi ya mwenzake. Mzee wa kanisa anaweza kubisha hodi kwako na kukuonya. Mama yako atakuonya hata ukiwa na miaka 50. Msimamizi wa zamu kiwandani, yeye amepewa hilo na nani?

Mnamkumbuka mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Alipatana na vibarua ujira wa siku, wakafanya kazi, jioni wakalipwa. Shamba lilikuwa lake na fedha ilikuwa yake, wala hakuona haya kuwaambia hivyo. Lakini hatusomi popote kwamba aliwafuata usiku majumbani kuchungulia wanakula nini na wanakunywa nini. Alinunua siku moja, na siku ilipokwisha kila mtu alikwenda kwake.

Waajiri nao wana neno lao, na tuwasikilize. Tarehe 4 Januari 1987, mahali paitwapo Chase katika jimbo la Maryland, vichwa vya treni ya mizigo vilipita alama ya kusimama na kuingia katika njia ya treni ya abiria. Watu 16 walikufa. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakiendesha vichwa hivyo walikuwa wamevuta bangi. Baada ya hapo, mwaka 1991, ikapitishwa sheria ya kuwapima madereva wa malori, waendesha treni, marubani na wengine wa kazi kama hizo. Mimi siilaumu sheria ile. Anayebeba roho za watu hawezi kudai uhuru sawa na wa anayefagia ukumbi.

Tatizo ni kwamba kipimo kilichowekwa kwa ajili ya treni kilienea mpaka kwa mfagiaji. Na hasa, hakipimi kile tunachodhani kinapima. Ulevi wa bangi iliyovutwa hudumu saa chache. Kinachotafutwa kwenye mkojo ni mabaki yake, ambayo mwili umekwisha kuyavunja na ambayo hayamleweshi mtu tena. Kwa aliyevuta mara moja mabaki hayo hukaa siku chache. Kwa anayevuta kila siku yanaweza kukaa mwezi mzima na zaidi. Sasa mlinganishe na mnywaji wa gongo. Huyu anakunywa Jumamosi mpaka analala mtaroni, anampiga mkewe, na Jumatatu asubuhi pombe imekwisha kutoka mwilini. Anapimwa, anaonekana safi, anapewa mashine ya kuendesha. Mwenzake aliyevuta wiki mbili zilizopita anarudishwa nyumbani kwa kisingizio cha usalama. Usalama wa nani hapo?

Jambo hili lilifika mahakamani. Katika jimbo la Colorado alikuwako kijana Brandon Coats, aliyepooza kwa ajali ya gari tangu ujana wake na kutembea kwa kiti cha magurudumu. Misuli yake ilikuwa ikikakamaa kwa maumivu. Jimbo lilimpa kibali cha kutumia bangi kama dawa, naye akaitumia nyumbani baada ya kazi. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya Dish Network. Mwaka 2010 alipimwa kwa kushtukizwa, mabaki yakaonekana, akafukuzwa. Jimbo hilo lina sheria inayokataza kumfukuza mtu kwa tendo halali alilolifanya nje ya kazi. Lakini mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Colorado ilisema kwa kauli moja kwamba neno "halali" maana yake ni halali kwa jimbo na kwa serikali kuu pia, na kwa sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 bangi imekatazwa. Coats akashindwa. Majaji walisoma sheria ilivyoandikwa, siwezi kuwalaumu kwa hilo. Ila niambieni, mtu anayepokea simu akiwa amekaa kitini angemgonga nani?

Majimbo mengine yameanza kugeuka. New York mwaka 2021 ilizuia waajiri wengi wasimwadhibu mtu kwa bangi aliyoitumia nje ya saa za kazi. California ilifuata kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2024: mwajiri asimhukumu mtu kwa yale mabaki tu, ingawa anayekuja kazini amelewa bado anaweza kufukuzwa. Hapo naona akili. Mwajiri ana haki ya kumpata mtu mwenye fahamu zake pale alipomlipa awepo. Zaidi ya hapo anachukua kisicho chake.

Wengine watasema: lakini alitia sahihi, alikubali. Ni kweli, na neno la mtu ni deni. Aliyeahidi kutovuta na asivute, hata akiona sharti lenyewe si la haki. Lakini tusijifanye kwamba ni mapatano kama yale ya shamba la mizabibu. Baba ana watoto watano, kodi ya nyumba inamngoja, deni la tiketi ya ndege iliyomleta halijalipwa, na karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Angekataa vipi?

Na kwa mgeni kuna mtego mwingine ambao mwenyeji hana. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kutumia bangi kunaweza kumnyima mtu uraia kwa kukosa tabia njema, hata kama jimbo analoishi limeiruhusu. Kwa hiyo kijana wetu anayeona duka la bangi liko wazi mtaani na jirani yake ananunua bila hofu, asidhani kwamba ruhusa ile imeandikwa kwa ajili yake pia. Mnapozungumza nao kwa simu, waambieni hilo. Na ile karatasi ya kazi, wamtafute mtu wa kuwasomea mpaka mwisho kabla hawajatia sahihi.